Brauni za jiko la mkaa, na ile kakao ya Kyela inayoturudia kwa bei ya hoteli

Leo siasa pembeni, mpira pembeni, naingia jikoni. Najua kuna watakaosema "huyu kijana vipi tena, kaacha habari kaenda kwenye mapishi?" Subirini kwanza. Hapa kuna hela, kuna kilimo, na kuna kitu tunakilima wenyewe halafu tunakinunua kama wageni. Kwa hiyo habari ni habari tu.

Naongelea brauni, zile ambazo kwenye menyu za mahoteli na migahawa ya watalii zinaandikwa brownies. Ni kipande cha mraba, cheusi kama udongo wa Usangu, juu kina kigozi chembamba kinachong'aa na kupasuka, ndani kizito na chenye unyevu. Mshkaji wangu mmoja alipokula mara ya kwanza aliniuliza, "hii keki mbona haijaiva?" Imeiva mzee, ndivyo ilivyo! Brauni haipandi kama keki, na raha yake iko hapo hapo kwenye uzito.

Nimemaliza shule, ajira ndiyo mnazijua wenyewe, na pamoja na vibarua vya kuandika, brauni ndizo zinazonilipia nauli na vocha. Nauza kipande kimoja shilingi 1,000, kwenye maofisi na kwenye stationery za hapa Mbeya. Nimeulizwa mno "unaokaje bila oveni?" na leo naweka yote hadharani. Mkinizidi biashara shauri yangu, teh teh.

Kwa wale wenye dakika kumi tu za kukaa hapo kafe, vipimo ndio hivi, nakilini kabisa. Siagi gramu 125, yaani nusu ya kile kikopo cha robo kilo. Sukari gramu 200, ni kikombe kimoja kisichojaa sana. Unga wa kokoa gramu 60. Mayai 2. Unga wa ngano gramu 70, ni nusu kikombe na kijiko kimoja cha chakula. Chumvi robo kijiko cha chai. Vanila kijiko kimoja cha chai. Basi. Mmeona hakuna beking pauda? Hamna, wala magadi. Ukiweka utapata keki ya chokoleti, kitu kizuri lakini siyo brauni. Trei ya mraba ya sentimita 20 inatosha. Kama una sufuria ya duara, tafuta yenye upana wa sentimita 22 au 23, maana duara la 20 ni dogo kuliko mraba wa 20 na brauni zako zitakuwa nene, katikati hapaivi.

Sasa wenye muda tuendelee taratibu.

Kitu hiki asili yake ni Marekani. Kuna hoteli moja Chicago, Palmer House, ambayo mpaka leo inajivunia kwamba brauni ilizaliwa jikoni kwake. Wanasema mwaka 1893, wakati wa yale maonyesho makubwa ya dunia pale Chicago, Bertha Palmer, mke wa mwenye hoteli, aliwaagiza wapishi watengeneze kitamutamu ambacho wanawake wataweza kukibeba kwenye boksi la chakula na kukila kwa mkono bila kujipaka. Mwaka 1896 kitabu cha mapishi cha Fannie Farmer wa Boston kilikuwa na vikeki vyenye jina hilo hilo, lakini vya molasesi, chokoleti hamna. Toleo la 1906 ndilo likaja na brauni za chokoleti. Ile hadithi kwamba eti mama mmoja alisahau beking pauda ndio brauni ikapatikana, mimi naiona kama hadithi ya kijiweni tu. Tamu, lakini nani alikuwepo?

Turudi dukani, maana watu wengi wanaharibikiwa dukani kabla hata ya jikoni.

Kwanza kokoa. Kuna kokoa ya kupikia na kuna ile chokoleti ya kunywa, ya kuchanganya na maziwa. Makopo yanafanana, yanakaa rafu moja, na muuzaji mwenyewe wakati mwingine hajui tofauti. Duka moja (silitaji) waliniapia kabisa kwamba "ni hiyo hiyo kaka". Siyo hiyo hiyo! Ile ya kunywa sehemu kubwa ni sukari. Ukiokea hiyo unapata kitu cha rangi ya chai ya maziwa, kitamu mpaka meno yanalia, na chokoleti huisikii. Geuza kopo usome viambato. Kikianza kuandikwa sukari, rudisha. Kikiandikwa kakao peke yake, beba. Nyingine zinakuwa na alkali kidogo ya kupunguza uchachu, hizo ni nyeusi zaidi na ladha yake ni ya upole, zinafaa pia. Kwa vile sisi hatutumii magadi hapa, aina yoyote kati ya hizo mbili inakubali.

Pili siagi. Najua tukisema siagi bongo tunamaanisha ile majarini ya kopo la njano na bluu. Inafaa, sina kinyongo nayo. Ila soma asilimia ya mafuta. Siagi halisi ya maziwa ina mafuta kama asilimia 80. Zipo za kupaka mkate ambazo zimejaa maji, na maji yale yakikutana na unga unapata brauni inayotafunika kama mpira. Ukikosa kabisa, mafuta ya alizeti yanakubali, weka gramu 100 badala ya 125 kwa sababu yenyewe hayana maji. Ladha inapungua kidogo, lakini brauni zinabaki laini hata siku ya tatu.

Tatu, vile vipande vya chokoleti vya bei chee. Vingi vimetolewa mafuta ya kakao na kuwekwa mafuta mengine ya mimea. Kula kama pipi sawa. Kwenye brauni naona ni kutupa hela, bora uongeze kokoa.

Haya, kuchanganya. Chemsha maji kidogo kwenye sufuria, juu yake weka bakuli lisiloguse maji. Ndani ya bakuli tia siagi, ikiyeyuka tia sukari yote, kokoa na chumvi. Sukari yetu hii ina chenga kubwa, kwa hiyo usiwe na haraka, koroga dakika nne au tano. Itaonekana kama tope lenye mchanga, usiogope. Shusha bakuli, acha lipoe mpaka uweze kulishika bila kuruka. Hapa pana maana yake: ukitia mayai wakati bado moto unapata mayai ya kukaanga ndani ya chokoleti.

Tia vanila, halafu yai la kwanza, piga kwa mwiko kwa nguvu. Yai la pili, piga tena, na hapa ndipo mkono ufanye kazi kweli, kama dakika mbili nzima. Rojo litabadilika mbele ya macho yako, litakuwa zito na litang'aa. Kile kigozi cha juu kinachopasuka, ambacho kila mtu anakitaka, kinatoka hapa. Sukari iliyoyeyuka vizuri ndani ya yai lililopigwa inapanda juu na kukauka kuwa ngozi nyembamba. Usipopiga, ngozi hamna, unapata brauni yenye uso wa chapati.

Unga wa ngano uchekeche, uutie mwisho, na sasa mkono uwe mpole. Geuza geuza tu mpaka weupe upotee, acha. Ukiendelea kuupiga unga wa ngano unavutika, ndiyo nguvu inayoshika maandazi na chapati, lakini hapa hatuitaki.

MOTO SASA. Wenye oveni, nyuzi 170 mpaka 175, dakika 20 hadi 25, kazi kwisha. Sisi wa mkaa ndio wenye shughuli.

Chukua sufuria kubwa, nzito, ambayo trei yako inaingia na kubaki nafasi pembeni. Mwaga mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili. Juu ya mchanga panga vijiwe vitatu vinavyolingana, trei itakaa hapo isiguse mchanga. Funika kwa mfuniko bapa au bati. Washa mkaa mpaka ushike vizuri usiwe na moshi, kisha gawa: chini vipande vichache, juu ya mfuniko vingi. Wazee wa keki za mtaani wanaijua hii. Moto wa chini ukizidi, unaunguza matako ya keki kabla ya uso kujua kinachoendelea. Acha sufuria ipate joto robo saa nzima bila kitu ndani.

Kipimajoto hatuna, sawa, tunatumia unga. Weka kijiko cha unga wa ngano kwenye kisahani cha bati, kiweke ndani, funika, hesabu dakika 5. Ukitoka na rangi ya dhahabu, moto ni wa kati, ndio tunaoutaka. Ukitoka mweupe, ongeza makaa juu. Ukitoka kahawia iliyokolea, punguza na usubiri. Unga wa kijiko kimoja ni bei ndogo kuliko trei nzima iliyoungua.

Trei ipake mafuta na uitandikie karatasi. Mimina rojo, sawazisha, ingiza, funika. Usifunue funue! Kila ukifunua joto linakimbia na majivu yanadondoka ndani. Chungulia mara ya kwanza dakika ya 22. Kingo ziwe zimekaza na zimeanza kuachia trei, katikati pawe bado panatikisika kidogo sana. Choma kijiti, kikitoka na rojo la kutiririka rudisha, kikitoka na punje zenye unyevu zimekishika toa hapo hapo. KIKITOKA KIKAVU UMECHELEWA, hiyo sasa ni keki ngumu. Watu tumelelewa kwamba keki iliyoiva kijiti kinatoka safi, na kwa keki ni kweli, ila kwa brauni hapana. Kwa huku kwetu Mbeya, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanakimbia haraka zaidi kwenye chakula, kwa hiyo mimi huongeza kijiko kimoja cha maji kwenye rojo. Watu wa Dar na Tanga msihangaike na hilo.

Na tafadhali sana ndugu zangu, jiko la mkaa liwe NJE au sehemu yenye upepo wa kutosha. Mkaa unatoa hewa ya sumu ambayo haina harufu wala rangi, na watu wamelala na jiko ndani wakaamkia mochwari. Mvua ikinyesha ahirisha. Mteja atakula kesho.

Ikitoka, iache ipoe kabisa ndani ya trei. Hapa wengi mnashindwa, najua harufu inavyotesa. Ukikata ya moto inavurugika yote. Mimi naoka jioni nakata asubuhi, kwa kisu kilichochovywa maji ya moto na kufutwa kila mara. Trei ya mraba inatoa vipande 16, nne kwa nne.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike, kakao yenyewe.

Kutoka Mbeya mjini kushuka Kyela ni safari ya asubuhi tu, unapita Tukuyu kwenye chai na ndizi, unateremka mpaka joto la Ziwa Nyasa. Kule kakao ipo nyuma ya nyumba, chini ya migomba, matunda yake yanaota kwenye shina kama mafenesi madogo. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka huko, nyingine Morogoro upande wa Kilombero. Mama yangu mkubwa ana miti yake. Anavuna, anavundika mbegu kwa siku kama sita zikiwa na ule ute wake mweupe, anaanika, anapeleka kwenye chama, inauzwa kwa mnada wa stakabadhi ghalani. Halafu inapanda meli. Nilipompelekea brauni alitafuna, akanyamaza, akauliza, "na hii wameweka nini?" Nikamwambia mama, hii ni kakao yako. Alicheka mpaka akakaa chini. Miaka yote analima, hakuwahi kuila namna hiyo.

Na bei zake ni kama bembea. Mwishoni mwa 2022 tani moja kwenye soko la New York ilikuwa kama dola 2,500. Desemba 2024 ikavuka dola 12,000! Sababu kubwa ilikuwa Ivory Coast na Ghana, nchi mbili ambazo peke yake zinatoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, kupata mavuno mabaya kwa hali ya hewa na magonjwa ya miti. Kyela watu walipaua nyumba. Mwaka 2025 bei ikateremka tena kwa kasi. Mimi mwoka brauni niliisikia ile ya kupanda mara moja kwenye kopo la kokoa. Ile ya kushuka, dukani kwetu walijifanya hawana taarifa.

Ndiyo maana nikaamua kuokea kakao ya mama mkubwa moja kwa moja, bila kopo. Inawezekana! Chukua mbegu kavu zilizovundikwa vizuri. Pasua moja, ndani iwe kahawia, ikiwa ya zambarau au ya kijivu haikuvundikwa inavyotakiwa, itakuwa chungu ya kukunja uso. Pima kama gramu 170. Kaanga kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukigeuza muda wote kama karanga, dakika 20 hivi, mpaka maganda yaanze kulia na nyumba nzima inukie. Zikipoa kidogo zisugue kwa viganja, pepeta kwa ungo. Zitabaki kama gramu 120 hadi 130. Maganda usimtupie mbwa, kakao ni sumu kwake, kweli kabisa.

Kisha kinu. Twanga. Mwanzo ni unga mkavu, unasema hapa nimepoteza muda, halafu ghafla unaanza kulowana wenyewe, kwa sababu karibu nusu ya mbegu ya kakao ni mafuta. Kinu kikiwa na joto inakwenda haraka. Unapata uji mzito, mweusi, wenye chengachenga. Ile kokoa ya kopo ni hii hii iliyokamuliwa mafuta kwa mashine, ufundi ambao akina Van Houten wa Uholanzi waliupatia hataza mwaka 1828. Sisi hatukamui, kwa hiyo tunapunguza siagi. Gramu 120 za uji huu zinakaa badala ya gramu 60 za kokoa, na siagi inashuka kutoka 125 mpaka 65. Mengine yote vile vile. Siagi ndiyo inayokula hela baada ya kokoa, kwa hiyo hapo umeokoa pande zote mbili.

Nisiwadanganye, hazitoki laini kama za kopo. Ulimi unazisikia zile chenga, na zina uchachu kidogo kama wa tunda. Maofisini wengine hawazitaki kabisa. Ila kuna wateja wangu, tena wale waliowahi kuishi ughaibuni, wanaulizia "zile za kinu" tu, na hizo naziuza 1,500. Jasho la kutwanga nalo lina bei yake.

Kwa mnaotaka kuingia sokoni, hesabuni vipande 14 kwa trei, siyo 16. Viwili vitavunjika, vitaonjwa, au mdogo wako atavipitia. Andika kila kitu mpaka mkaa, karatasi na nauli ya bodaboda, maana vijana wengi tunahesabu unga na sukari halafu tunashangaa faida imekwenda wapi. Kuuza kwa watu unaowajua ni jambo moja, ukitaka kuweka kwenye maduka na supamaketi ujue tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, na wajasiriamali wadogo huanzia SIDO kupata barua ya utambulisho. Nimeshaanza kuifuatilia yangu, nikiipata nitawaeleza hatua kwa hatua ilivyokuwa.

Maswali leteni hapo chini, nitajibu kadiri nitakavyopata muda wa kukaa kwenye mashine. Na mdau yeyote wa Morogoro au Kilombero anayejua wapi naweza kununua mbegu zilizovundikwa, kilo tano tano siyo gunia zima, aniandikie tafadhali. Za mama mkubwa zimekwisha, na msimu bado.